Kondoo Wangu Aliliwa kwa Jina la Vicent

Bhoke Werema,
Kitongoji cha Juu,
Kerende, Tarime.

Kwa Mchungaji Gasto,
Kanisa la Chemchemi ya Ukombozi,
Kerende.

YAH: KUONDOLEWA KWENYE MSTARI WA AKINA BABA, PAMOJA NA MENGINE YALIYOFUATA

Mchungaji wangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa: marahaba, mwanangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mama mchungaji Honoratha mzima, na matumbo yenu mazima baada ya kitoweo cha Jumapili iliyopita, ambacho nitakizungumzia kwa urefu hapa chini.

Sisi huku wazima. Mvua imenyesha, mahindi yamesimama, ng'ombe wanashiba. Mtoto naye mzima, amelala mgongoni kwangu sasa hivi wakati naisema barua hii. Nasema "naisema" kwa sababu anayeandika ni Regina, mke wangu. Miwani yangu ilikanyagwa na ndama ikabaki kioo kimoja, na kwa kioo kimoja naona nusu ya mstari tu. Regina alifika kidato cha pili na mwandiko wake ni mzuri, ila ana tabia ya kuguna kila nikisema neno kali. Akiguna nalirudia, asije akaliruka.

Kabla ya malalamiko nikueleze jambo moja, kwa sababu wewe ni mgeni. Umeletwa huku kutoka Kagera, kwenye ndizi, na labda huko kwenu halipo. Marehemu mume wangu, Werema, aliniacha na mabinti watupu, wote wameolewa wakaenda zao. Boma likabaki na mimi, ng'ombe na upepo. Kwetu Wakurya mwanamke aliyefikwa na hilo hakai chini akalia. Anatoa ng'ombe, anaoa. Inaitwa nyumba ntobhu. Anaoa mwanamke mwenzake, anamtafutia mwanamume wa kuzaa naye, na mtoto akizaliwa ni wa nyumba ya yule aliyetoa ng'ombe. Ndivyo ilivyo, na mimi sikuianzisha.

Basi nilikwenda Nyansurura kwa wazazi wa Regina, mchana kweupe, nikatoa ng'ombe mbele ya wazee. Regina ni mtu mzima, akaulizwa na kuulizwa tena kama anataka. Akasema anataka, tena afadhali huyu bibi, maana hanywi wala hapigi. Hilo ameliandika bila kuguna.

Sasa Werema mdogo amezaliwa. Siku ile nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja na mapanga, wakidhani wezi wa ng'ombe wameingia. Nikawaambia hakuna aliyeibiwa, nimepata mtoto wa kiume. Wakaweka mapanga chini, tukanywa togwa.

Nawe ndipo ulipoanza yale mahubiri yako. Jumapili baada ya Jumapili ulitufundisha habari za Waisraeli wa zamani: kwamba mzaliwa wa kwanza wa kiume ni mali ya Mungu, kwamba baba yake ndiye anayempeleka kwa kuhani na kumkomboa, na asipokombolewa anabaki kuwa wa Mungu. Nilisikiliza vizuri kuliko mtu yeyote kanisani, waulize waliokaa karibu nami. Ukatangaza ibada ya kuwaweka watoto wakfu, ukasema kila baba aje na mtoto wake na kondoo wake. Ulisema baba. Hukusema mwanaume. Ungesema mwanaume ningesikia.

Baada ya utangulizi huo mfupi, malalamiko yangu ni haya.

1. KUHUSU MSTARI.

Nilifika mapema. Nilivaa gauni langu la kijani na koti la marehemu juu yake, kwa heshima ya cheo. Nikasimama kwenye mstari wa akina baba, nyuma ya Danford wa duka la dawa za mifugo, ambaye alinisogezea nafasi na kuniuliza hali ya ng'ombe. Akina baba wenzangu hawakuwa na neno. Ndipo Agustina, yule mhudumu wako mwenye utepe kifuani, alipokuja akanishika mkono kama anamvusha kipofu barabara, akaniambia Bibi, benchi la akina bibi ni lile kule. Nikamjibu kwamba benchi hilo nalijua, lina msumari, na leo mimi ni baba. Akacheka. Akawaambia wenzake, nao wakacheka. Kanisa zima likacheka, kwaya ikacheka, hata yule mpiga kinanda ambaye siku zote huwa hasikii kitu.

Mchungaji, nikuulize kwa adabu. Regina alipopata uchungu, nani alimpeleka kituo cha afya kwenye mkokoteni wa punda? Ni mimi. Nesi Faudhia, yule wa kutoka Tanga, alipotoka nje akauliza baba wa mtoto yuko wapi, nani aliinuka? Ni mimi. Aliniangalia toka chini mpaka juu, akasema haya baba, lete beseni, lete khanga, lete sabuni, halafu ukanywe chai maana unatetemeka. Hakunipeleka kwenye benchi lolote. Kwa hiyo siku ya kutafuta beseni mimi ni baba kamili, ila siku ya kusimama mbele ya watu nimegeuka bibi. Hilo nalikataa, na Regina ameguna, kwa hiyo narudia. Nalikataa.

2. KUHUSU VICENT.

Vicent simchukii. Andika hivyo, Regina, simchukii. Ni kijana mpole, mchimbaji mdogo wa mawe ya dhahabu, na nilimchagua mwenyewe kwa sababu ana meno mazuri na ukoo wao ni warefu. Tulikubaliana mbele ya wazee, akapewa beberu wake, akashukuru, akaenda zake. Fundi akimaliza kujenga nyumba hapewi funguo. Vicent mwenyewe analijua hilo wala hajawahi kuleta neno.

Siku ile alikuja kanisani kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, kwa sababu alisikia kutakuwa na nyama. Alikaa nyuma karibu na mlango, na mabuti yake ya machimboni, na vumbi la mawe mpaka kwenye kope. Wewe ukauliza mbele ya watu, nani baba wa mtoto huyu? Nikajibu kutoka kwenye benchi, kwa sauti, kwamba ni mimi. Ukatabasamu lile tabasamu lenu la chuo cha uchungaji, ukauliza tena: baba mwenyewe, yule wa damu. Watu wote wakageuka wakamwangalia Vicent. Maskini ya Mungu, akasimama kama mwizi aliyemulikwa tochi.

Ukamwita mbele. Ukamtoa mtoto mikononi mwa Regina ukampa yeye. Akamshika kama kiroba cha mawe, na mtoto akamkojolea. Vicent akamrudisha kwa mama yake mbio mbio, akaanza kujifuta. Mchungaji, mimi nakojolewa kila siku ya Mungu na sijawahi kumrudisha mtoto kwa sababu hiyo. Kama ulikuwa unatafuta ishara kutoka juu, ishara ilishuka pale pale, nawe ukaipangusa kwa leso.

3. KUHUSU PICHA.

Jioni yake picha ikawekwa kwenye kundi la kanisa la WhatsApp. Regina alinionyesha kwenye simu yake. Vicent yuko katikati, shati limelowa, mtoto analia. Upande wa kushoto unaonekana mkono. Mkono huo ni wangu, nilipokuja mbele kumkabidhi kondoo, umeshika kamba yake. Mimi mwenyewe nimekatwa begani. Kondoo anaonekana wote, mpaka mkia. Chini yake mmeandika: "Baba Werema akimweka wakfu mwanawe."

Hapo niseme ukweli bila kuzunguka. Sikulala vizuri. Regina huniita Mama, na mimi sijawahi kumlalamikia, maana alianza hivyo tangu siku ya kwanza kwa heshima ya umri wangu. Mtaani naitwa Bibi Bhoke. Hayo yote nayabeba. Lakini hilo jina, Baba Werema, ndilo nililolitolea ng'ombe. Nililitaka mimi. Mume wangu alikufa akidhani jina lake litaishia kwenye kaburi lile pale nyuma ya zizi, na mimi nikamwapia kwamba halitaishia. Sasa jina limerudi duniani, limezaliwa, lina mashavu, na mmempa Vicent kwa sababu alikuja kula nyama. Inauma, mwanangu. Inauma sana.

4. KUHUSU KONDOO MWENYEWE.

Tunaingia kwenye kitoweo. Yule kondoo nilimlea kwa chupa baada ya mama yake kufa. Alikuwa ananifuata kila mahali, hata chooni, anasubiri mlangoni. Alikuwa na kichwa cheusi na mkia wa mafuta, na ukimwita alikuwa anaitika. Kumtoa halikuwa jambo dogo, nilimtoa kwa ajili ya mtoto.

Sasa sikiliza. Nilipokabidhi kamba, hakuna mhudumu aliyenishika mkono akaniambia Bibi, kondoo wa akina bibi wanafungwa kule. Hakuna! Kondoo alipokelewa bila maswali. Mzee wa kanisa Erasto alimpapasa mgongoni kwa upendo ambao hajawahi kumwonyesha muumini yeyote. Halafu wewe ukanyoosha mikono, ukaomba: Ee Bwana, pokea kondoo wa baba huyu, Vicent.

Mchungaji! Vicent hana kondoo. Vicent hana hata kuku. Umemdanganya Mungu huku umefumba macho.

Kisha akachinjwa, akapikwa, akaliwa. Erasto alichukua mguu wa nyuma na kukaa nao pembeni. Mama mchungaji alisifu mafuta ya mkia. Na mimi, sitaki kuficha kitu kwenye barua rasmi, nilikula kipande cha shingo kwa uchungu mwingi, kikanikwama kooni. Cha pili hakikukwama. Lakini kula si kukubali.

5. KUHUSU PUNDA.

Lalamiko hili sikuwa nalo siku ile. Limekuja juzi, na ni kubwa kuliko yote yaliyotangulia.

Wiki ile ile Regina alipojifungua, punda wangu naye alizaa. Alizaa dume, mzaliwa wake wa kwanza, ana masikio kama majani ya mgomba, utampenda. Kwa sababu ya hasira nilimwambia Regina anisomee ile sheria ya Waisraeli mwenyewe, mahali ulipokuwa unahubiri, neno kwa neno. Akasoma. Nikamwambia rudia. Akarudia, akaniangalia, tukaangaliana.

Mchungaji, imeandikwa kwamba anayekombolewa kwa mwana-kondoo ni punda. Mtoto wa mtu alikuwa anakombolewa kwa fedha, punda kwa kondoo. Kama hutaki kumkomboa punda, unamvunja shingo. Iko hapo, haijafichwa. Wewe umesoma chuo, na ulituambia tuje na kondoo.

Sasa tufuatane polepole ili tusipotezane. Kondoo wangu alitolewa. Kwa sheria kondoo anakomboa punda. Punda mzaliwa wa kwanza ninaye, kazaliwa wiki moja na mtoto. Kwa hiyo aliyekombolewa siku ile, mbele ya kwaya, kwa maombi yako mwenyewe, ni punda wangu. Na kwa kuwa uliomba kwa jina la baba, Vicent, basi Vicent ni baba wa punda. Sina pingamizi na hilo. Naomba iandikwe hivyo kwenye kitabu cha kanisa: punda, dume, wa Kerende; baba, Vicent. Hata urefu wa masikio unafanana na ukoo wao.

Regina ameacha kuandika kidogo, anacheka mpaka mtoto ameamka mgongoni. Sasa ameendelea.

Kuna na wale akina baba wengine. Danford hana punda, lakini amekomboa punda. Mstari mzima ule umekomboa punda ambao hata kuzaliwa bado. Ukifika msimu wa kuzaa, mwenye punda yeyote hapa Kerende aje kwako umwambie wake ni yupi. Hiyo ni kazi yako, mimi simo.

6. KUHUSU MTOTO.

Tumefika mwisho, na hapa ndipo penye uzito. Kama kondoo alikomboa punda, mtoto hajakombolewa. Na mzaliwa wa kwanza asiyekombolewa, ulitufundisha mwenyewe ukipiga meza, ni mali ya Mungu. Mungu hana nyumba hapa Kerende isipokuwa kanisa, na kanisani anayelala ni wewe. Ulituhubiria pia yule mama wa Israeli aliyeomba mtoto kwa machozi, akampata, kisha akampeleka kwa kuhani akamwacha huko akue akitumikia. Ulisema ni mfano wa kuigwa. Vizuri. Mimi naiga.

Jumamosi hii nitakuletea mtoto. Atakaa kwako.

Mchungaji, utaona kwamba kuanzia hapa mwandiko umebadilika. Huu ni wa kwangu. Regina ameweka kalamu chini, amemtoa mtoto mgongoni kwangu, ametoka. Ni sawa. Ana haki ya kutoka. Mimi naendelea kwa kioo kimoja, na mistari ikipanda juu unifuate huko huko.

Haya ni maelekezo ya kumtunza.

Akilia asubuhi, ni njaa. Kwako kuna ng'ombe wa maziwa, nimemwona. Chemsha vizuri.

Akilia mchana, si njaa. Mbebe mgongoni umzungushe zizi. Kwako hakuna zizi, kwa hiyo zunguka kanisa. Usizunguke kwa kushoto. Mimi huzunguka kwa kulia, amezoea.

Akilia jioni ni kwa sababu jua limezama na haelewi limekwenda wapi. Mwambie litarudi. Mimi humwambia kwa Kikurya. Wewe Kikurya hujui, basi mwambie kwa Kiswahili lakini kwa sauti nzito, asijue tofauti.

Usimwimbie. Najua unapenda kuimba, ila sauti yako inamtisha, hata siku ile kilio chake kilianza pale ulipopandisha pambio.

Ana alama nyeusi nyuma ya sikio la kulia. Usiisugue ukidhani ni uchafu. Marehemu mume wangu alikuwa nayo pale pale. Usiniulize imefikaje hapo, maana hawakuwa na damu moja, hata Vicent alishangaa. Mimi husema mtoto ameileta mwenyewe ili nisiwe na wasiwasi.

Hulala akiwa ameshika kidole. Si kidole chochote. Ni hiki changu cha katikati, kilichopinda tangu ng'ombe alipokikanyaga. Nadhani anakipenda kwa sababu kina kona. Mtafute mtu kanisani kwako mwenye kidole kilichopinda. Sijui kama yupo.

Nimesimama kidogo hapo kuandika. Moshi wa jikoni umeniingia machoni.

Hayo ndiyo malalamiko yangu. Nikitaka kukurahisishia, naomba mambo matatu tu. La kwanza, mtoto awekwe wakfu upya, mimi nikiwa nimesimama kwenye mstari wa akina baba na koti langu, nimemshika mwenyewe, na Agustina asimame mbali. La pili, picha ipigwe upya nionekane mzima. La tatu, kondoo wangu arudishwe akiwa hai. Usiniletee ngozi, ngozi ninayo. Mkikubali, yaishe. Mkikataa, Jumamosi mtoto yuko mlangoni kwako na nguo zake, nami sitageuka nyuma. Nina msimamo. Wanaonifahamu wanajua.

Namaliza kwa salamu. Msalimie sana mama mchungaji Honoratha, mwambie mafuta ya mkia yakibaki apake miguu, yanasaidia. Msalimie Mzee Erasto, natumaini ule mguu ulishuka salama. Wasalimie kwaya wote, na mpiga kinanda, mwambie siku akisikia tena jambo la kuchekesha anijulishe na mimi. Msalimie Agustina, umwambie ule msumari wa benchi la akina bibi uko upande wa ukutani, aje na nyundo kabla hajazeeka akakalia mwenyewe. Wasalimie wote waliocheka, na wale wachache ambao hawakucheka uwasalimie kwa majina.

Wako katika Bwana, kwa hasira na kwa heshima,

Bhoke Werema,
BABA WA MTOTO.

Nyongeza:

Mchungaji, nilikuwa nimeshakunja karatasi. Nimeikunjua.

Nilikwenda jikoni kumwambia Regina afungashe nguo za mtoto. Mlango umefungwa kwa ndani, ameweka na kinu nyuma yake. Nikabisha. Nikamwambia atoke, mimi ndiye niliyetoa ng'ombe, na barua imekwisha andikwa. Basi yule binti ambaye tangu aje hapa hajawahi kunipandishia sauti, akapiga kelele mpaka kuku wakaruka. Alisema hivi, nayaandika kama yalivyotoka: "Wewe ni baba gani wewe? Baba gani anamtoa mtoto wake kwa sababu ya kondoo?"

Nimetukanwa, Mchungaji. Nimetukanwa vibaya mlangoni pa jiko langu. Lakini umesikia nilichoitwa? Nilikaa chini pale pale kwenye kuni.

Kwa hiyo mtoto haji. Mambo yote niliyoandika hapo juu kuhusu Jumamosi yafute. Kitabuni andikeni mnavyotaka. Andikeni Vicent, andikeni Erasto, andikeni hata huyo aliyekula mkia. Picha iacheni ilivyo, mkono wangu unaonekana, unatosha.

Nimeipitia tena kichwani na ile sheria nikiwa nimekaa kwenye kuni. Nilikosea. Kondoo wangu alikuwa wa mtoto. Nilimlea kwa ajili yake, nilimtoa kwa ajili yake, na Mungu si mtu wa kuhitaji kuonyeshwa kamba imeshikwa na nani. Mtoto amekombolewa, basi. Asiyekombolewa ni punda.

Ndiyo maana unayemwona hapo mlangoni kwako na barua hii ni Vicent, na aliyefungwa kwenye hiyo kamba ni mwana-punda. Vicent alipita hapa akitoka machimboni kuniomba radhi, nikamwambia radhi nimekubali, shika hii. Mama yake punda anakuja nyuma yao, maana mdogo bado ananyonya, na mimi siwezi kutenganisha mtoto na mzazi wake, watu wangenionaje? Ni wa Mungu sasa, atakaa kwako. Akilia jioni ni kwa sababu ya jua. Shingo yake usiiguse, nitakuja kuangalia.

Nilitaka kuongeza neno kuhusu lile benchi, lakini sina nafasi. Mlango wa jiko umefunguliwa. Regina anaita nje, sauti imeshuka, anaita kwa nguvu za kawaida tu: "Baba Werema! Njoo umshike, amekojoa."

Naenda.